Ukuta wa Chumba cha Mama

Baba,

Amani ikufikie ulipo. Naandika kando ya kitanda cha Mama, nisamehe mwandiko.

Tangu ulipoanguka kule Kisauni ukitundika mashine ya nje ya kiyoyozi, drili yako sikuigusa. Wateja wako walinipigia, "Binti Fundi, njoo utufungie," nami nikatoa visingizio. Kila nikiona ngazi imeegemezwa ukutani, napita njia nyingine.

Lakini Mama, Baba. Tangu apooze upande mmoja hatoki chumbani mwake ghorofani, na joto la mwaka huu halina huruma. Nilimpepea mpaka mkono ukafa ganzi, naye ahema tu, akinitazama. Daktari akatuambia moyo wake hautastahimili. Kaka Swaleh akanunua kiyoyozi. Fundi tuliyemwita akautazama ule ukuta wa nje, akasema atarudi. Hakurudi.

Basi nikapanda mimi.

Kipande cha ndani cha kiyoyozi kilinikubali. Nilikiinamisha kidogo upande wa bomba la maji, kama ulivyonifundisha. Nikakumbuka ulivyokuwa ukipiga mluzi nikikosea, hunigombezi, wapiga mluzi tu mpaka nione mwenyewe. Nilitega sikio, Baba. Kimya.

Nje ndiko kulikonishinda. Swaleh alishika ngazi, mashine iko chini imefungwa kamba iliyopitishwa kwenye boriti ya paa. Nikatoboa, nikakaza vyuma vya kuibebea, nikavivuta nivijaribu. Tofali likamwaga unga. Lilishaliwa na chumvi. Bolti ikanitoka mkononi.

"Vipi Zuhura, niivute mashine?" Swaleh akauliza.

Nikaikumbatia ngazi. Macho yakaona ile sakafu ya Kisauni uliyolalia, na kiatu chako kando. Sikuweza kupanda wala kushuka.

Kitanda cha Mama kiko dirishani. Siku hizi maneno humtoka kwa taabu, lakini haya yalitoka:

"Teremka, mwanangu. Joto nitalivumilia. Kukuzika siwezi."

Nikateremka, Swaleh akinishika visigino kila kipago. Nikakaa mchangani nikalia kama mtoto. Swaleh akaniletea maji. Nilipomaliza kunywa nikamwambia, "Si lazima ining'inie." Tukamwaga zege nyuma ya jiko, likakauka, tukaiweka mashine papo hapo chini. Bomba la shaba la kupitishia gesi nikalirefusha, nikalipandisha hadi chumbani kupitia ndani, kwenye ngazi za nyumba. Kila kiungo nikakipaka povu la sabuni, nikachungulia kama gesi inavuja. Nikarudia tena. Na tena.

Jana nikaiwasha. Mama alilala alasiri nzima, kimya mno, hata nikaogopa upya. Nikamwekea kiganja puani. Akafumbua jicho.

"Nifunike," akasema. "Kuna baridi."

Wallahi, Baba, nilicheka machozi yakinitiririka.

Uoga haujaniisha. Jirani mmoja hapa Timbwani ataka nimfungie yake ghorofani kwake. Nimemkubalia, na tangu niseme ndiyo naamka usiku kuikagua drili yako. Nakuahidi: nitajifunga mkanda na kamba, kitu ambacho wewe hukupewa. Ukuta nitaugonga kabla sijaupanda. Ukiwa mbovu nitasema hapana, mwenye nyumba anune atakavyo, nami nitarudi mzima kwa Mama, inshallah.

Pumzika, Baba. Mola alijaze kaburi lako nuru na ubaridi.

Mwanao,
Zuhura