Santuri Isiyokaa Rafuni

Mwanga, Kigoma
12 Januari 2023

Kwako shemeji Elieza,

Mwakeye. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Dodoma kwa mwanao Wema. Sisi huku wazima, ila Gervasi fundi cherehani ametutoka. Nilikupigia simu kukueleza, nikapaza sauti mpaka wateja wa grosari wakacheka, na wewe ukawa unaniuliza habari za mawese. Ndiyo maana naandika.

Duka lako la santuri nalifungua kila jioni kama ulivyoniachia. Baada ya mazishi nilipanda stuli, nikaitoa santuri ya Gervasi rafu ya chini nikaiweka ya juu pamoja na za marehemu wengine, kando ya ile ya mume wangu Jeremia. Si ndivyo ulivyokuwa ukifanya? Wenzako hupanga kwa majina ya waimbaji, wewe ulipanga kwa watu, kila mteja na ile aipendayo. Shadia muuza samaki wa migebuka ana yake, Yakobo wa bandarini ana yake.

Yangu sikuiona. Nilitafuta mara ya pili. Miaka yote hii grosari yangu na duka lako tumegawana ukuta. Imeniuma kidogo, sitakuficha.

Shemeji yako,
Yuliana


Dodoma
3 Machi 2023

Shemeji Yuliana,

Salamu zako nimezipata, pamoja na dagaa. Afya yangu ni ya kizee, si mbaya. Poleni kwa msiba. Gervasi alinishonea suruali nyingi, zote fupi, na bado namlilia.

Huku nakula, nalala, navaa safi. Wema ananitunza, sina neno. Lakini watu wanafungua midomo na kuifumba, nami natikisa kichwa kama mjusi. Daktari amesema masikio hayatarudi.

Santuri yako haikai rafuni. Fungua droo iliyo chini ya mashine ya kupigia santuri, utaikuta peke yake. Wewe hukuwahi kuchagua, maana kila wimbo ulikukuta unahudumia wenzako. Basi nikakuchagulia. Kila jioni ulipoanza kufuta meza ndipo nilipoipiga. Nilidhani unajua.

Sasa nina ombi. Yangu ipandishe juu, kando ya Gervasi. Muuza santuri asiyesikia ana tofauti gani na marehemu? Funguo mrudishie mwenye nyumba.

Shemeji yako,
Elieza


Mwanga, Kigoma
20 Machi 2023

Shemeji Elieza,

Hujambo? Huku tu wazima. Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaifungua tena.

Kumbe wimbo ule ni wangu. Mimi nikidhani ndiyo kengele ya kufunga. Nilikuwa nakasirika, nasema Elieza huyu ananifukuzia wateja. Nimecheka peke yangu, kisha nikalia, wala sikujificha, maana hakukuwa na wa kuniona. Ng'ambo ya barabara wameweka runinga kubwa, vijana wote wako huko kwenye mpira. Kwangu amebaki Shadia na soda yake, na Yakobo.

Na huyo Yakobo, lini alisikiliza wimbo? Anaongea tangu sindano inashuka mpaka inainuliwa. Watu hawakuja hapa kwa ajili ya masikio, shemeji. Walikuja kwa sababu usipoonekana jana, leo yupo wa kukuuliza ulikuwa wapi. Mimi siulizwi tena, na upweke wenyewe haunywewi ukaisha.

Yako sijaipandisha. Rudi.

Shemeji yako,
Yuliana


Mwanga, Kigoma
30 Juni 2023

Kwako Elieza,

Natumaini u mzima. Barua ya Machi sijui kama ilifika, au ilifika ukakosa la kusema. Vyote viwili nimevizoea.

Mwenye nyumba amempa duka lako kijana wa kava za simu. Sikumzuia, ningemzuia kwa lipi? Shadia na Yakobo wamenisaidia kubeba rafu, mashine na kiti chako hadi grosari, na Yakobo ameongea njia nzima. Rafu ya juu imejaa. Ya chini ina nafasi, kwa hiyo nimepanga upya. Yangu nimeitoa kwenye droo nikaisimamisha chini, kwenye rafu ya walio hai, nayo yako nimeiweka kando yake. Hapo sitaitoa, hata ukiniandikia mara ngapi.

Jioni, nikimaliza kufuta meza, naupiga ule wimbo mwenyewe. Jana niliziba masikio yangu kwa pamba, nikakaa kwenye kiti chako, nikaweka kiganja juu ya spika. Nilitaka kujua wewe ungebakiwa na nini.

Inatetemeka, Elieza. Mpaka kwenye kiwiko. Nilijua kabisa wimbo umefika wapi.

Kiti ninakifuta kila siku.

Wako,
Yuliana