Ndege Isiyopita Kwetu

Mtongwe, Likoni
Ijumaa, baada ya sala

Kwa mdogo wangu mpenzi Jalila,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, na baridi ya huko Amerika imeanza kukuhurumia. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama goti linamsumbua akiinama, lakini ulimi wake haujapata kuumwa hata siku moja. Kaka Luqman na watu wake wa Mjambere wanakusalimu. Nami nakusalimu kuliko wote, kwa sababu ndimi ninayelala chumba chetu peke yangu, na kitanda chako nakitandika kila Ijumaa ingawa hakuna aliyekilalia.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Mama ndiye aliyetaka. Alisema simu ya nyumba hii haina siri, akishika mmoja wamesoma kumi, na maneno mengine hufaa yatiwe ndani ya bahasha. Basi anakuletea Phoebe, mwenzangu wa ofisini, anayekuja huko huko New Jersey kumtembelea dada yake.

Kwanza nijibu ulilouliza. Ulinieleza kwamba unahamia Oslo, ukataka nikuchagulie shirika la ndege la kukuvusha bahari kutoka New York moja kwa moja, bila kubadilisha ndege njiani, maana dada yako ndiye anayewakatia watu tiketi pale Changamwe karibu na uwanja wa ndege. Nilifurahi kuaminiwa, kisha nikanuna. Miaka saba hatujakutia machoni, na safari unayopanga si ya kuja kwetu. Masha, tunayekaa naye meza moja, alinionyesha kwenye ramani kwamba Oslo ni karibu nasi kuliko hapo ulipo. Sikufarijika.

Wewe wajua ninachokitaka. Tangu siku ile ulipomwambia Mama kwa simu kwamba utaolewa na umtakaye, naye akaikata simu, hamjazungumza ila salamu. Hajakulaani, hasha, lakini radhi yake alikuwa hajaitamka, na najua hilo ndilo linalokuzuia kuja. Kwa hiyo siku ya kwanza nilifanya upuuzi. Nilikaa kwenye kompyuta ya ofisi nikitafuta njia ya kutoka New York hadi Oslo inayopitia Mombasa. Masha alicheka mpaka akajifuta machozi, akaniuliza kama nami nikitoka Likoni kwenda Mtongwe hupitia Voi, kule bara. Nikamjibu kwamba mdogo wangu angekuwa Voi, ningepitia.

Siku ya pili nikaifanya kazi yangu ipasavyo. Liko shirika la bei rahisi linalokwenda moja kwa moja, lakini viti vimebanana na kila kitu ni cha kulipia, hata blanketi. La pili chakula chake kizuri, ila litakushusha London ungoje nusu siku, na mambo yakiharibika mizigo itakwenda kwake nawe kwako. La tatu ni la watu wa kaskazini mwa Ulaya wenyewe, nalo halitui njiani. Linaondoka jioni na kutua asubuhi, na safu ya mbele, pale penye ukuta, wana kitanda kidogo cha mtoto mchanga wanachokitundika mbele ya mamake. Kitanda cha namna hiyo ulikiulizia sana. Ulitaka kujua kinabeba uzito gani, maji ya moto ya chupa yanapatikana au la, na kigari cha mtoto kinaruhusiwa kufika hadi mlangoni au la. Ulisema ni kwa ajili ya rafiki utakayesafiri naye, na jina lake hukulitaja. Nami, na ujanja wangu wote wa kazi, sikushuku kitu.

Jumapili nikamsomea Mama ujumbe wako, kama nimsomeavyo siku zote. Alikuwa kibarazani na uteo wake, anachagua mchele. Nikamweleza mashirika yote matatu, nikamuuliza angependa upande lipi. Nilitarajia aseme lenye rubani anayeswali. Aliendelea kuchagua mchele wake. Kisha akaniambia nikuulize kama huyo mzazi ameshatoka arobaini, kwa maana mtoto hatolewi hata nje ya mlango kabla ya hapo, sembuse kupandishwa hewani.

Nikamwambia ni mtoto wa rafiki yake Jalila. Mama akanitazama kama amtazamavyo muuza samaki anayeapa kwamba samaki ni wa leo. Akasema mwanamke akitaka kujua mwanawe atalala wapi, huuliza kwa kinywa chake, hamtumi mwenziwe. Akaweka uteo chini, akalia. Wallahi, Jalila, tangu tumzike marehemu Baba sijamwona akilia vile.

Nilidhani ni hasira, kumbe sivyo. Alikuwa akisema umejifungua ugenini bila mtu wa kukukanda kwa maji ya moto, bila wa kukupikia uji wa pilipili manga, na yeye mamako yu hai na mikono yake miwili.

Ndani ya mfuko wa Phoebe utakuta leso kuukuu. Ndiyo mbeleko aliyokubebea wewe. Ameitoa sandukuni mwenyewe, akaifukiza udi. Wajua kwetu mume humpa mama mkwe ubeleko, shukrani ya kumbeba mkewe mgongoni. Mama hakupewa, na hajasahau. Amesema mkwewe, awe nani awaye, atauleta mwenyewe hadi Mtongwe, naye atamtazama usoni kabla ya kuupokea. Lakini wewe hakutaka ungoje. Amenituma nikuandikie hivi, neno kwa neno: nimekuwia radhi dunia na akhera, na mtoto hana kosa.

Nami niseme langu. Nimekukasirikia, si kwa kuolewa, bali kwa kunificha mimi. Hasira yenyewe haikufika jioni. Nimekutamani mno, Jalila, hata huyo nisiyemjua nimeshaanza kumtamani.

Kwa hiyo chukua shirika la tatu. Usihangaike na njia ya kupita kwetu sasa, mtoto mchanga hasumbuliwi kwa ndege mbili. Ikipanda na ikishuka mnyonyeshe, masikio yasimuume. Mkishatulia huko mtakuja, inshallah.

Majirani wote wanakusalimu, na Mama anakubusu kipaji cha uso. Limebaki jambo moja la ofisi. Siwezi kukata tiketi bila jina la kila abiria, hata wa kupakatwa. La kwako ninalo. La mwenzio sina, wala sijui ni wa kiume au wa kike. Mama ananihimiza kuliko bosi wangu, kwa sababu kila baada ya Alfajiri huinua mikono kumwombea mjukuu wake, na akifika kwenye jina hunyamaza.

Dada yako akupendaye,
Swabra