Kiazi cha Aketch

Ngendo,

Uji umo kwenye sufuria, nimeufunika. Gathogo avae sweta mbili na ile kofia ya sufu, hata akilia.

Jiko la makaa libaki nje. Najua nimelimwagia maji mbele yako, ukaniita kichaa, ukaenda zako bombani na Gathogo mgongoni bila kuniaga. Lakini hukuona nilichokiona.

Ulipokuwa ukipuliza makaa, Gathogo alichukua kiazi akaenda kugonga mlango wa pili, akiita, "Aketch! Aketch!" Chumba kile kimefungwa tangu baridi ya mwaka jana, Opiyo na mkewe walipomlaza binti yao Aketch na jiko likiwaka ndani, na asubuhi asiamke. Wakati huo Gathogo hakuwa amejua kusema neno lolote. Na jina hilo humu ndani hatulitaji.

Mtoto akarudi kutoka kwenye ukungu mikono mitupu, anacheka.

Nikamuuliza, "Kiazi kiko wapi, mwanangu?"

"Amekula."

Nimetafuta hadi chini ya mlango ule. Hakuna hata ganda.

Baridi hupiga hodi,
moshi huingia kimya.

Hayo nimetunga mwenyewe, usicheke. Na usimwambie kaka yako.

Lori la kunipeleka kazini Ruiru linapiga honi.

~~Usimruhusu kwenda tena kwenye mlango ule.~~ Nimeacha kiazi kingine chini ya bakuli. Akitaka kumpelekea mwenzake, apeleke. Ila umshike mkono mpaka arudi.

Baba Gathogo