Nilivyoosha Kazi ya Miaka Miwili ya Mwanangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ila usishtuke, hakuna aliyekufa wala aliyeachika, na kwa kweli nakuandikia nikiwa nimeshusha pumzi kubwa kuliko zote tangu nimzae huyu kitinda mimba wangu kwa upasuaji, isipokuwa kuna mwiba mmoja umebaki kooni na huo ndio nataka unitolee.

Mimi ni mama wa watoto wanne, shule niliishia darasa la saba, na huyo kitinda mimba ni daktari wa chuo kikuu, si wa sindano, wa vitabu, anafundisha idara ya biolojia, na nikianza kukueleza nilivyomfikisha hapo nitajaza gazeti lenu lote kwa hiyo niache. Niseme tu kwamba nilisafisha bweni la wasichana miaka ishirini na sita.

Ijumaa ya wiki iliyopita akanialika nikaone ofisi yake. Nilivaa lile gauni la mahafali yake. Kwenye korido ya ghorofa ya pili kuna ubao mkubwa wenye picha za walimu wote, na chini ya kila picha imeandikwa anachotafiti, na mimi nikawasoma wote kumi na mmoja, polepole, kwa sauti, mwanangu ananivuta mkono akisema mama twende watu wanapita. Mkuu wa idara ni profesa mzee, yeye ni vyura, miaka thelathini na minne vyura tu. Yuko mama wa konokono wanaoleta kichocho, yuko wa popo, yuko wa magugu ya majini, yuko kijana wa jeni aliyepigwa picha bila kunyoa, na safu ya pili katikati ndiye mwanangu, anang'aa kuliko wote na sisemi kwa sababu ni wangu, chini yake imeandikwa kuvu za udongo na mizizi ya maharage.

Hilo neno kuvu, mshauri, lilikuwa linanipa shida siku zote. Kwa majirani nilikuwa nasema anatafiti maharage basi, maana mtu uliyepigana na ukungu wa bafuni, wa mapazia na wa magodoro miaka yote hiyo, huwezi kusimama mbele za watu ukasema mwanangu kaufanya ndiyo kazi. Yeye ananielewesha kwamba kuna kuvu mbaya na kuna nzuri, na hii yake inalinda mizizi isioze, na mimi naitikia tu ndiyo mwanangu.

Basi tulipoingia ofisini akaitwa darasani, akaniambia nishuke nikakae kwenye benchi la chini, atanifuata baada ya saa moja. Nikabaki kidogo niangalie angalie. Kwenye meza ya dirishani nikaona visahani vya plastiki vyenye vifuniko, thelathini na viwili, vimeota ukungu, mwingine mweupe, mwingine wa kijani, mwingine mweusi wenye manyoya kama paka aliyenyeshewa. Najua utaniuliza sikujua anatafiti kuvu? Nilijua. Lakini akilini mwangu kuvu ya chuo kikuu inakaa ndani ya mashine, imefungiwa, haikai mezani ubavuni mwa birika la chai. Nikasema hawa wanafunzi wamemwachia mwanangu vyombo vyao vichafu kwa sababu ni mpole, na siku hiyo kulikuwa na wageni wa kukagua idara wanapita ofisi kwa ofisi. Nikavibeba mpaka sinki la chumba cha pili, maji moto, sabuni, klorini nikaikuta hapo hapo, nikasugua hata maandishi ya vifunikoni yakatoka, nikavirudisha mezani kwake, nikavipanga kifudifudi juu ya gazeti vikauke. Vikametameta. Nikashuka kwenye benchi nikijipongeza.

Kumbe kabati la joto la maabara liliharibika siku mbili kabla, ndiyo maana alivihamishia mezani. Ilikuwa kazi ya miaka miwili, mshauri, udongo wa mashamba arobaini.

Saa ilipopita sikumwona, nikapanda, nikamkuta amesimama katikati ya ofisi, ameshika kisahani kikavu. Akaniuliza kama nimeona mtu akiingia humu. Nikamwambia, "Mimi nilikuwa chini tangu ulipotoka." Ulimi ulikwenda wenyewe, kabla yangu.

Lawama ikamwangukia fundi wa maabara. Ni mtu mzima, amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu, ana funguo za ofisi zote, kila Ijumaa ndiye anayeosha vyombo vya idara nzima, na hukausha vivyo hivyo, kifudifudi juu ya gazeti. Akaitwa koridoni, mbele ya ule ubao, mama wa konokono akiwepo na yule kijana wa jeni akiwepo. Akasema, "Daktari, mimi ndiye niliyekufundisha kuvishika hivi visahani ulipokuwa mwaka wa kwanza. Nitaviosha vipi?"

Mwanangu akamjibu, "Labda macho, mzee. Labda macho yamechoka."

Yule baba akavua miwani, akaifuta kwa koti lake, akaivaa tena. Na mimi nilikuwa nimesimama pale, na mikono yangu inanuka klorini, hakuna aliyeninusa.

Siku tatu mboga nikatia chumvi mara mbili na bado sikusikia ladha. Jumatatu simu ikalia, mwanangu huyo, anacheka huku analia. Yule profesa wa vyura ana sheria yake ya tangu ujana, siku umeme ulipokatika akapoteza vyura wake wote, kwamba chochote kilicho hai katika idara hiyo lazima kilale nyumba mbili, kila mtafiti ampe mwenzake wa fani nyingine pacha wa kazi yake amtunzie. Pacha wa kuvu za mwanangu walikuwa kwa mtu wa popo, naye alikuwa mapangoni huko hashikiki kwa simu, na friji yake ilisemekana imezimwa. Karudi Jumatatu, kafungua, kumbe friji inawaka, visahani vyote thelathini na viwili vizima nyuma ya maboksi ya popo. Hakuna kilichopotea! Nilicheza na fagio jikoni, mshauri, na umri wangu huu.

Kisha mwanangu akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba fundi ameandikiwa barua ya kujieleza, kikao ni Alhamisi ya wiki ijayo, na huenda akapelekwa ghalani amalizie muda wake huko, asiguse tena maabara.

Sasa nifanyeje? Kazi imepatikana, mwanangu anacheka, na huko ghalani hakumuui mtu. Nikisema, mwanangu ataaibika mbele ya wenzake wote wa ule ubao, na atajua nilimdanganya macho kwa macho. Jirani yangu, nilimsimulia kama habari ya mtu mwingine, kaniambia funika kombe mwanaharamu apite. Nifunike?

Ni mimi,
Mama wa Daktari wa Kuvu

MSHAURI ANAJIBU

Mama, barua yako nimeitoa nje ya foleni kwa sababu ya hiyo Alhamisi. Hongera kwa mwanao, na nafurahi pamoja nawe kwamba kazi yake imepona. Nilicheka mpaka pale kwa paka aliyenyeshewa. Nilipofika kwa fundi nikaacha.

Kuosha hakuna kesi. Aliyeweka kuvu karibu na birika la chai naye ajiulize. Kesi yako ni ile sentensi moja uliyosema ofisini, pamoja na kila siku uliyoiacha isimame. Umefanya usafi bwenini miaka ishirini na sita. Kitu kilipopotea mle, macho ya kwanza yalikwenda kwa nani? Hukuandika, lakini wewe unajua na mimi najua. Halafu leo unaniambia ghalani hakumuui mtu.

Fikiri kidogo. Yule baba anajua hakuosha, lakini kila mtu anamwambia labda macho. Mtu akiambiwa hivyo kutwa huanza kujishuku. Pengine sasa hivi yuko kwenye foleni ya kupimwa macho yasiyo na ugonjwa wowote, kwa ajili yako.

Usiseme unamkinga mwanao. Unajikinga wewe, mama, tuambiane ukweli. Yeye ana radhi ya kumwomba mwalimu wake kwa neno baya alilomwambia, na hawezi kuiomba kwa kuwa umemficha kwamba amekosea. Ataaibika, ndiyo, na ataikasirikia simu yako siku mbili tatu. Mtoto uliyemlea kwa jasho hilo hakuachi kwa visahani, tena vilivyopatikana. Na jirani yako mwambie kombe hufunikwa likiwa na chakula. Hili lako lina mtu ndani.

Fanya hivi. Leo mpigie mwanao, yeye awe wa kwanza kujua. Usianze na wageni wa kukagua, usitaje wanafunzi wachafu. Sema, "Ni mimi niliyeosha, nikakudanganya," kisha mwache aseme atakayo. Kesho mwende pamoja kwa profesa wa vyura, barua ile ifutwe kwa maandishi, si kwa mdomo. Halafu umwombe fundi radhi pale pale koridoni, mlango usifungwe. Alilaumiwa watu wakisikia, na asafishwe watu wakisikia.

Usimbebee zawadi. Zawadi itamlazimisha akusamehe haraka, na hujafikia kumharakisha. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikukaripia, pokea ukiwa umesimama. Na akikuuliza klorini uliipata wapi, mwonyeshe, maana huenda akaanza kuifungia kabatini.

Una bahati ambayo wengi wanaoniandikia hawana: wao hunieleza kikao kikishakwisha. Chako bado siku nne, na kukivunja ni kazi ya dakika kumi. Weka gazeti chini upige simu.