Mama Mkwe Yuko Chumba cha Watoto

Alhamisi, 26 Machi

Nimechota ndoo sita za maji. Nimewasha jiko la mkaa, limezima. Nimewasha tena. Anjela kamwaga uji kwenye daftari la dada yake. Neema kampiga. Anjela kalia. Mama mkwe akauliza kutoka chumbani ni nani kafa. Hapo ni saa moja na nusu asubuhi.

Wiki ya pili tangu shule zifungwe. Mimi ni mwalimu wa hisabati sekondari, nimesimama mbele ya madarasa ya watoto sabini na hawakunishinda. Hawa wawili wananishinda. Mmoja ana miaka kumi na miwili, mwingine mitano.

Mke wangu Resti hayupo, siku ya nne leo. Manesi wa wodi yao wameamua kulala nyumba za watumishi palepale hospitali ili wasilete ugonjwa majumbani. Nilikubali. Tena nilimbebea begi mpaka getini, najiona mume wa mfano. Sikujua ninakubali nini.

Mama yake alikuja mwanzoni mwa mwezi kutoka Masagati kufanyiwa upasuaji wa macho. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Korona ikaingia, upasuaji ukaahirishwa, hakuna anayejua mpaka lini. Haoni zaidi ya vivuli. Njia ya kwao imekatika kwa mvua. Kwa hiyo yuko hapa, chumba cha watoto. Mimi niko chumba kinachofuata. Katikati yetu kuna ukuta wa tofali moja, na adabu.

Jumapili, 29 Machi

Hiyo adabu inaniua. Sisi Wasukuma mtu hakai meza moja na mama mkwe wake, wala hapishani naye kwenye uchochoro, wala hapigi naye soga. Kwao Wandamba mambo si makali hivyo, ila huyu mama ameona desturi yetu inamfaa, kaichukua yote.

Sababu ninaijua. Resti alipokuwa darasa la sita, ng'ombe wa wafugaji wa Kisukuma waliingia shamba la mpunga la mama yake wakalimaliza. Kwa mama huyu Msukuma ni Msukuma. Wakati huo baba yangu alikuwa Lupiro na ng'ombe wake, ng'ambo ya mto, mbali kabisa na Masagati. Nimeeleza hayo mara mbili kupitia washenga na mara moja kupitia padre.

Basi tunaongea kupitia watoto. Mimi nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Yeye: "Neema, mwambie baba yako chumvi imezidi." Neema ananigeukia: "Bibi anasema chumvi imezidi." Nimesikia! Mtaa mzima wa Mlabani umesikia.

Choo ni kimoja, nyuma ya migomba. Kabla ya kwenda inabidi nikohoe, nijue kama yupo. Naye kaanza kukohoa. Siku hizi ukikohoa mara mbili jirani anafunga dirisha.

Ijumaa, 3 Aprili

Mkuu wa shule anataka tutume mazoezi kwa simu. Kidato cha nne wangu ni themanini na moja. Waliopo kwenye kundi ni kumi na tisa. Nimetuma maswali kumi ya pembetatu. Majibu niliyopata: wawili wameuliza shule zinafunguliwa lini, mmoja katuma picha ya mchezaji mpira, mwingine kaandika "Amina mwalimu."

Mama mkwe kaagiza majani ya kujifukiza. Kamtuma Anjela, ambaye kasahau nusu ya orodha njiani, na njia yenyewe ni sebule. Nimeleta mwarobaini na mchaichai. Nikarudishwa kwa mkaratusi na mlimao. Kisha tukafunikwa blanketi mmoja mmoja juu ya sufuria, familia nzima, mchana wa jua la Ifakara. Nimetoka nimeiva.

Hakuna aliyesema asante. Mimi pia sikusema.

Jumapili, 12 Aprili

Pasaka. Mama mkwe alisema hakosi misa, korona au siyo korona. Neema akamshika mkono, mimi nyuma yao na Anjela mgongoni kwa sababu ya tope. Tumekaa nje ya kanisa, mbalimbali, barakoa za kitenge usoni. Yangu imebana masikio mpaka yameuma.

Njia nzima ya kurudi alikuwa anauliza kuhusu ndege. Mpunga wake umeanza kuzaa, nani anaamia ndege wasiumalize? Neema hajui. Mimi sijui. Akauliza tena kwenye mti wa kona, akauliza tena mlangoni. Kuna watu wazima kumi na wanne katika ukoo wake kule, lakini inaonekana wanaoweza kupiga kelele shambani ni yeye peke yake.

Resti alipiga simu mchana. Akaongea na mama yake dakika ishirini. Akaongea na watoto. Zamu yangu ilipofika salio likaisha. Nimesikia tu "Baba Neema, una—" Nina nini? Nimekaa nimeshika simu kama mjinga. Nimemkumbuka. Nimechukia kumkumbuka huku natakiwa kuosha sufuria.

Jumamosi, 18 Aprili

Leo nimeaibika.

Nilipika wali. Nilichambua mchele mwenyewe. Sahani ya mama ikarudi, Neema ameishika kwa mikono miwili: "Bibi anasema una mawe." Kitu kikakatika kichwani. Nikapaza sauti, mlango wa chumba ukiwa wazi: "Mwambie bibi yako mimi siyo mpishi, ni mwalimu! Na mwambie wale ng'ombe hawakuwa wetu!"

Neema akatuangalia, mimi kisha mlango. Akaweka sahani sakafuni.

"Jamani, mimi siyo simu!"

Akatoka, akaenda kukaa kwa jirani mpaka jioni. Nimekula ule wali. Una mawe.

Jumatano, 22 Aprili

Saa nne asubuhi simu imelia. Siyo Resti. Ni Oliva, nesi mwenzake. Resti ana homa tangu Jumatatu, na kifua. Wamemweka chumba cha peke yake. Wamechukua sampuli, majibu hawajui yatarudi lini. Tusiende. Kuongea anashindwa, anakohoa.

Mama alikuwa kwenye mkeka uani anabambua karanga kwa kupapasa. "Neema, muulize baba yako simu ya nani hiyo."

Nikamwambia Neema ni ya shuleni. Nimedanganya.

Kutwa nimetafuta mtu wa kumtuma. Niliwaza padre. Nikawaza jirani, Mama Fredi, lakini huyo akijua saa tano, saa sita wamejua sokoni. Nikawaza shemeji kule Masagati, simu yake haipatikani. Watoto? Ujumbe huu haupiti kwa mtoto. Ni mama yao.

Saa tisa nikawapeleka kwa Mama Fredi wote wawili. Nikarudi. Nikapindua ndoo mbele ya mkeka, nikakaa. Karibu kabisa. Sikukohoa kwanza.

"Mama."

Mikono yake ikasimama. Miaka kumi na minne ya ndoa, sijawahi kumwita bila mtu katikati.

"Mama, Resti anaumwa."

"Amelazwa?"

"Ndiyo. Kwenye chumba peke yake."

"Ni huo ugonjwa?"

"Hawajajua."

"Anapumua mwenyewe?"

"Oliva anasema anapumua mwenyewe."

Akaendelea kubambua. Maganda anatia kwenye bakuli, karanga anatupa. Nimeziona zinaanguka kwenye vumbi, sikumwambia.

"Umejua tangu saa ngapi?"

"Saa nne."

"Ulisema ya shuleni."

"Ndiyo, mama. Samahani."

"Usinifiche tena. Yaliyoharibika ni macho. Masikio yangu mazima."

Alhamisi, 23 Aprili

Nimembeba mama mkwe kwenye baiskeli. Naandika tena ili niamini: nimembeba mama mkwe kwenye baiskeli.

Alishatoka nje saa kumi na mbili, kavaa vitenge viwili na viatu vya misa. Alisema anaenda getini hospitali, kama simpeleki anakwenda kwa kupapasa ukuta. Nikamwambia hawaruhusu watu. Akasema hakuuliza kama wanaruhusu. Bodaboda hazikuwepo kwa mvua. Akapanda kwenye keria ya nyuma, akakaa upande. Tulipoingia kwenye tope la kwanza akanishika kiunoni kwa mikono yote miwili. Wazee wangu wangezimia. Nilikanyaga tu pedeli.

Mlinzi alitunawisha mikono na kutukatalia. Kwa heshima, lakini alikataa. Oliva akatoka, akasimama mbali, akasema hali ni ileile. Akarudi ndani. Nikageuza baiskeli.

Mama hakugeuka. Akashika nondo za geti, akaita. "Restituta!" Ni ile sauti ya kufukuza ndege shamba la ekari tatu. Kisha maneno ya Kindamba, mengi, mengine sikuyaelewa. Mlinzi: "Mama, punguza, kuna wagonjwa." Mama: "Najua kuna wagonjwa. Mmoja ni wangu."

Mchana Oliva kapiga. Resti alisikia. Alicheka, kicheko kikamletea kikohozi, lakini alicheka.

Jumapili, 26 Aprili

Wamemwekea oksijeni tangu jana. Naogopa. Sijui kuandika kingine. Naogopa.

Neema amejua. Mama ndiye kamwambia, kamweka mapajani binti mkubwa vile, kamwambia wazi. Neema hataki kuongea na mimi. Anasema hata mimi nimemfanya mtoto.

Nimepika uji ukaungua. Nimekwaruza sufuria nusu saa kwa hasira. Mama akaja akisikiliza nilipo, akakaa kwenye ile ndoo.

"Wale ng'ombe," akasema.

Nikaacha kukwaruza.

"Nilijua siyo wa baba yako. Tangu mwanzo nilijua."

"Ulijua?"

"Wenye ng'ombe walishahama, hata majina yao sikuyapata. Mpunga umeisha, watoto watano ndani. Nilitaka mtu wa kumkasirikia. Ukaja wewe kuposa."

Miaka kumi na minne! Washenga mara mbili! Padre! Baba yangu alikufa akiamini amechukiwa kwa kosa asilolifanya. Nilitaka kutupa sufuria juu ya bati. Nikasimama, nikatembea mpaka kwenye migomba, nikarudi. Alikuwa bado amekaa palepale, uso ameugeuzia upande nisiokuwepo, machozi yanashuka bila kelele. Hayakuwa ya ng'ombe.

Nikamwambia, "Mama, nimekasirika."

"Haki yako."

Nikaketi chini. Nikamalizia sufuria. Alikaa mpaka nilipomaliza.

Alhamisi, 30 Aprili

Oliva: wametoa oksijeni tangu asubuhi, na anavumilia. Amekunywa uji nusu kikombe. Majibu ya sampuli hayajarudi mpaka leo na sitaki tena kuyajua.

Nilimwambia mama mwenyewe, nilikimbia kutoka barazani mpaka uani kama mtoto. Akapiga kigelegele. Jirani kafungua dirisha.

Jumanne, 5 Mei

Resti kaongea na simu. Sauti ndogo, kama imetokea kisimani. Kauliza kama Anjela anachana nywele. Hachani. Nimesema anachana.

Anatoka Ijumaa wakiridhika.

Kwa hiyo nyumba imechafuka. Mama anataka chumba kipakwe chokaa. Anataka godoro lianikwe, wakati mvua inanyesha kila saa nane. Anataka kuku wa kienyeji, jogoo, siyo tetea, siyo mweusi. Anataka neti mbili. Zamani nusu ya amri zake zilipotea kwa Anjela. Sasa ananiambia mwenyewe na zinafika zote. "Baba Neema!" tangu alfajiri. "Baba Neema, chokaa." "Baba Neema, uko wapi, mbona kimya?" Nimejificha chooni nikisahihisha zoezi la mwanafunzi mmoja aliyejibu pembetatu zote kumi. Zote sahihi. Nimezisoma mara mbili kwa furaha. Akanipata hata huko. Alisimama kwenye migomba, akaulizia jogoo.

Jana hospitali waliniambia upasuaji wa macho huenda ukaanza tena mwezi ujao. Nilimwambia. Alisema watangulie wenye haraka.

Jumamosi, 9 Mei

Resti alifika jana saa kumi. Amekonda, kilemba kinamcheza kichwani. Watoto walikatazwa kumrukia, wakamrukia. Mimi nilishika begi. Sikujua mkono mwingine niuweke wapi. Alinitazama jikoni, akatazama sufuria zilivyopangwa, akanishika bega.

Leo kalala tangu asubuhi. Tumeacha mlango wazi. Anapumua kwa kelele kidogo, kama mtu aliyepanda mlima, lakini mfululizo.

Neema anamsuka Anjela nje, wananong'ona.

Mama amekaa kwenye korido, mgongo ukutani, miguu amenyoosha, uso umeelekea mlango wa chumba chetu. Hakula mchana. Nilimpelekea chai. Akapapasa kikombe, akakiweka chini, kisha akajivuta pembeni, akapiga sakafu mara mbili kwa kiganja.

Nikakaa. Bega lake limegusana na langu. Chai imepoa. Tunasikiliza.