Slabu ya Mlangoni kwa Mama

Al Wakrah, Doha
Ijumaa, baada ya ibada

Mdogo wangu Mwakio,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote walio chini ya uangalizi wako. Hujambo? Mama je, magoti yanamruhusu kufika kanisani? Na kile kikohozi cha wifi yangu Mkamburi kimekwisha? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa vumbi la huku linanikausha koo, na moyo haujatulia tangu uliponikatia simu Jumanne. Sikukupigia tena kwa sababu sisi wawili kwenye simu tunagombana kama watoto. Kwa barua utanisikiliza mpaka mwisho. Nimempa Mshai, yule muuguzi wa kwetu anayekuja likizo kesho, akukabidhi mkononi pamoja na karatasi iliyokunjwa humu ndani.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi yangu. Najua huko mnasema Wakesho yuko kwa Wahindi anapiga deki. Deki napiga, lakini kazi yangu hasa ni kukaa na bibi mmoja mzee, mama yake madamu wangu. Namwita Amma, yaani mama kwa lugha yao. Akili yake inakuja na kwenda. Mchana kukiwa na vumbi, bahari na mbingu za huku zinakuwa rangi moja, kama chai iliyozidiwa maziwa, na winchi za ule uwanja wa mpira unaojengwa zinaonekana zikielea bila miguu. Hapo ndipo Amma anapoondoka. Mwili unabaki kitini, mwenyewe yuko kwao ukingoni mwa mto, msichana, sari ameipandisha akaifunga kiunoni. Mimi ananiita Fomeni, yaani msimamizi wa mafundi wake.

"Fomeni, mto umepanda?"

"Bado, Amma."

"Simiti imefunikwa?"

"Imefunikwa, Amma."

"Basi mbona umekaa?"

Nainuka, nazunguka kiti, nakaa tena. Anatosheka. Siku nyingine, Mungu anisamehe, na mimi nauona ule mto. Nasikia maji kabisa, katika nchi hii isiyo na mto hata mmoja.

Madamu aliniambia kwamba mama yake alikuwa mwanamke wa kwanza katika jimbo lao kusomea uhandisi wa madaraja. Darasani wanaume watupu na yeye. Chuo kizima hakikuwa na choo cha wanawake, ikawa anatembea hadi nyumbani kwa mke wa mwalimu na kurudi. Alipofika kwenye daraja lake la kwanza, mafundi wakamuuliza amemletea nani chakula. Hata hivyo akalijenga. Siku ya kulijaribu, malori yaliyojaa mchanga yakipita juu, yeye alishuka akasimama chini yake. Nilimuuliza siku akili yake ilipokuwa safi kama hakuogopa. Akasema, "Niliogopa sana. Lakini mimi nikisimama mbali, nani atakubali kupita?"

Sasa ndugu yangu, tuje kwenye ile picha.

Uliponitumia nilifurahi hadi nikamwonyesha Amma. Mama ameketi mlangoni anachambua maharagwe, na juu yake ile slabu ya kivuli imechomoza kama ukingo wa kofia, haina nguzo hata moja. Nawe ukaandika kwamba kijiji kizima hakuna aliye nayo. Siku hiyo Amma alikuwa vibaya. Asubuhi alimwuliza binti yake wa kumzaa, "Wewe ni mgeni wa nani?" na madamu akaenda kulia jikoni. Lakini alipoiona picha aliikamata simu kwa mikono miwili, na sauti yake ikabadilika.

"Nani ameondoa miti?"

"Miti gani, Amma?"

"Ya kushikilia! Zege bado ni bichi, tazama rangi. Lilimwagwa lini?"

Nikamwambia siku kumi, maana ndivyo ulivyoniambia mwenyewe, kwamba miti umelikopesha kanisa kwa ujenzi wa ule ukumbi wa watoto. Akatikisa kichwa. Akauliza tena, "Na vyuma vya ndani ya zege viko juu au chini?"

Hilo sikulijua, ndiyo maana nikakupigia. Nawe ukanijibu, "Dada, bibi aliyepotelewa na jina la binti yake ndiye anifundishe mimi kazi? Mpe uji alale." Nilicheka kidogo, sitakuficha. Lakini Mwakio, kabla ya maneno hayo ulinyamaza. Nilipotaja vyuma ulinyamaza, ndipo ukakasirika. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni, kunyamaza kwako nakujua.

Nimeomba sana juu ya jambo hili. Nilijiambia, labda ni ndoto zake tu, na mimi nimeanza kuota naye. Kesho yake nikamuuliza tena bila kumwonyesha picha. Akachukua mkate mkavu wa Kiarabu, akauweka mezani nusu ikitokeza nje, akaubana kwa kiganja, akaniambia nibonyeze ncha. Nikabonyeza. Ufa ukaanzia juu, mdogo wangu, kwa macho yangu. Akasema slabu inayochomoza huchanika juu, kwa hiyo chuma kikae juu kiishikilie. Mafundi wengi wanakiweka chini kwa mazoea, kwa sababu ndivyo wanavyofanya kwenye slabu ya kufunika chumba. Kisha akainama karibu yangu kama anayetoa siri. "Hata mimi, Fomeni. Kwenye kalvati la kupitisha maji chini ya barabara, kabla ya lile daraja. Nikaamuru wavunje mbele ya watu wote. Walicheka siku tatu."

Ile karatasi ameichora yeye. Mistari imepinda lakini utaielewa kuliko mimi. Anasema rudisha miti leo, usingoje kesho, na mama asikae pale hata kama anasema jua ni kali. Kama vyuma viko juu, ngoja zege likomae, ulimwagilie maji, na sifa zote ni zako. Kama viko chini, huna haja ya kuvunja. Jenga nguzo mbili mbele, pale alipoweka alama, na vyuma vile vile vya chini vitafanya kazi, maana slabu itakuwa imeshikwa pande zote mbili kama ile ya chumba.

Najua itakuuma. Ulitaka isiwe na nguzo. Watu watauliza, nawe waambie dada yako wa Arabuni ndiye aliyezitaka, ana majivuno ya nguzo. Kuhusu miti iliyoko kanisani, mwambie mzee wa kanisa ni mimi niliyeidai, akasirike na mtu aliye mbali. Ukumbi wa watoto unaweza kungoja. Mama hawezi.

Wewe ni fundi mzuri. Ile nyumba nzima nilipoiona nilipiga magoti nikashukuru. Lakini vyuma vilipofunikwa mlikuwa wewe na Mungu wako tu, na mimi huku siwezi kuvifukua kwa maneno. Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe, kisha ufanye.

Nisalimie mama, umshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Msalimie wifi Mkamburi, anywe tangawizi. Mjomba anayechunga ng'ombe mwambie koti lake liko kwenye mzigo wa Mshai. Binti yangu mwambie namwombea mtihani wake kila Ijumaa, maana huku Ijumaa ndiyo Jumapili yetu.

Amma ameamka sasa, nasikia fimbo yake. Leo amelisahau jina langu, amesahau kama amekula, amesahau kwamba mumewe alifariki, ikabidi tumweleze upya. Lakini tangu Jumanne, kila asubuhi, kabla hata sijafungua pazia, ananiuliza, "Fundi amejibu?"

Ni mimi dada yako akupendaye,
Wakesho