Pazia la Mama Mdogo

Baba mdogo, shikamoo.

Natumaini umepata mzigo mzuri huko Guangzhou. Huku Kariakoo duka liko salama.

Kesho nawasilisha utafiti wangu kwa bodi ya hospitali: wagonjwa wanaoiona bustani dirishani huomba dawa za maumivu mara chache zaidi. Nitawaomba wasiikate miti kupisha fremu zako za maduka. Sijasahau kwamba wewe ndiye uliyenisomesha.

Jana, baada ya upasuaji, mama mdogo aliniambia nifungue pazia. "Huyo anayetaka kuikata miarobaini hii, mlete alale hapa na mshono wangu," akasema, akacheka huku ameshika tumbo.

Hajui kwamba ni wewe. Mpigie kabla sijaingia kikaoni, maana nikitoka ataniuliza.

Mwanao,
Nice